Hoja ya Kabati na Vumbi

Haipiti harusi, wala matanga, wala siku ya kugawa zawadi shuleni hapa Mosocho, wazee na wasomi wanapokaa pamoja chini ya turubai moja, bila ya mmoja wao kusimama na kuleta shutuma ambayo kwa kukaririwa imekuwa kama tasbihi: ya kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho ndicho kikubwa chetu cha umma, pamoja na vyuo vilivyozaliwa nyuma yake, vinakula fedha ya serikali na jasho la wazazi, vinaandika tasnifu zisizo na idadi, kisha tasnifu hizo zinalazwa kabatini zikaliwa na mende na kufunikwa na vumbi, wala hajaonekana mkulima, mgonjwa au mama wa nyumbani aliyenufaika nazo. Akiulizwa ithibati, msemaji hunyosha kidole kuelekea zile orodha zinazopanga vyuo vikuu vya dunia kwa daraja kila mwaka, akasema: tazameni, sisi hatumo katika mia ya kwanza, wala ya pili, chuo kisichotajwa na walimwengu kina athari gani?

Mara ya mwisho nimeisikia hoja hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu sana, mwalimu mstaafu aliyefundisha baba na mwana katika darasa moja kwa miaka tofauti, na watu wakampigia makofi. Sikusimama kumjibu, kwa kuwa si adabu mdogo kumrudi mkubwa mbele ya wageni. Lakini neno lililomezwa kwa ajili ya adabu halikosi kumchoma aliyelimeza, na mimi naona ni wajibu kulitoa hapa kwa utulivu, kwa sababu nasadiki kwamba mzee wangu amekosea, na kosa lake, maadamu ndilo kosa la wengi, linatuelekeza kubomoa kile kile tunachodai kukililia.

Hoja yake ina miguu miwili, orodha na kabati. Nianze na orodha.

Ile iliyotangulia kupata sifa duniani ilitolewa Shanghai mwaka 2003, na walioitunga hawakuficha muradi wao: walitaka kujua vyuo vya China viko umbali gani na vyuo vikuu mashuhuri vya Marekani na Ulaya. Katika alama zake 100, alama 10 hutolewa kwa wahitimu waliopata tuzo ya Nobeli au nishani ya Fields ya hisabati, 20 kwa walimu waliopata tuzo za namna hiyo, 20 kwa wanazuoni wanaonukuliwa mno na wenzao, 20 kwa makala zilizotoka katika majarida mawili tu, Nature na Science, 20 kwa makala zilizomo katika fahirisi kubwa za majarida, na 10 zilizobaki ni za kugawanya hayo yote kwa idadi ya walimu. Msomaji na azipitie tena alama hizo moja moja, kisha aniambie ni ipi kati yake ambayo ingeongezeka hata kwa chembe kama ng'ombe wote wa Nyamira wangepona ugonjwa, au kama watoto wote wa Kitutu wangeacha kufa kwa upungufu wa damu. Hakuna. Silaumu mizani kwa kupima kile ilichoundiwa. Namlaumu anayepeleka unga katika mizani ya dhahabu, kisha akarudi nyumbani akitangaza kwamba unga wake hauna uzito.

Na mfano ulio dhahiri kuliko yote uko katika chuo hicho hicho kinachosutwa. Wangari Maathai alipata shahada yake ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, akafundisha huko elimu ya maumbile ya miili ya wanyama katika idara ya tiba ya mifugo. Miongoni mwa kazi zake za utafiti ilikuwa ni kuchunguza kupe, yule mdudu anayewaambukiza ng'ombe ndigana kali, ugonjwa ambao kila mfugaji wa Kisii anaujua kwa hasara aliyoipata zizini. Basi akawa anatoka nje ya mji kwenda kukusanya kupe katika ng'ombe wa watu. Na alipokuwa akiwabandua kupe hao masikioni mwa ng'ombe, mwenyewe ameeleza, aliona jambo ambalo hakulifuata: ng'ombe wamekonda mbavu zinahesabika, mito imegeuka rangi ya udongo kwa mmomonyoko, na akina mama wanatafuta kuni mahali ambapo zamani palikuwa msitu. Akatambua kwamba adui wa ng'ombe yule ni mkubwa kuliko kupe. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na kutokana na miti hiyo saba ikakua harakati iliyokuwa imekwisha kupanda zaidi ya miti milioni 30, kwa mikono ya wanawake wa vijijini, kufikia mwaka 2004 alipotunukiwa tuzo ya Nobeli ya Amani.

Wapi utafiti ule wa kupe katika orodha? Katika zile alama 20 za walimu, tuzo zinazohesabiwa ni za fizikia, kemia, tiba na uchumi; Amani haimo. Na hata ingekuwamo, mwenyewe alikuwa ameondoka chuoni tangu mwaka 1982. Kwa hesabu hiyo ya walimu, yule mwalimu aliyetumwa na kazi yake ya chuo kwenda zizini, akarudi na fikra iliyoufunika mlima kwa miti, ni sawa na mtu aliyekwenda matembezi. Mimi nasema kwamba kama kuna athari ya chuo kikuu nchini Kenya inayoweza kuonwa kwa macho na kuguswa kwa mkono, ndiyo hiyo, na ilianza na chupa ya kupe.

Sasa nije kwenye kabati, ambako ndiko mzee wangu alikopigiwa makofi mengi zaidi.

Ipo mboga ambayo watu wa pwani huiita mgagani na sisi Abagusii huiita chinsaga. Sihitaji kumweleza mtu wa Mosocho ladha yake: ule uchungu ambao mtoto huukimbia na mtu mzima huutamani, unaopungua kila inapochemshwa tena na kutiwa maziwa, hata chungu cha siku ya tatu kikawa kitamu kuliko cha siku ya kwanza, na kila mmoja wetu anajua kwamba mama aliyejifungua hupikiwa hiyo ili arudishiwe damu. Lakini vijana hawakumbuki, na wazee wamejisahaulisha, kwamba kulikuwa na wakati ambapo mboga hii ilihesabiwa gugu. Iliota yenyewe penye boma la zamani na penye samadi. Mtu aliyestaarabika alilima kabichi na sukuma wiki, na mgeni wa heshima hakuandaliwa chinsaga, kwa kuwa ilikuwa ni kukiri umaskini mbele yake.

Aliyeitoa katika hukumu hiyo ni nani? Mama zetu kwanza, waliokataa kuiacha mbegu ipotee. Hilo ni haki yao na sitawapokonya. Lakini pamoja nao walikuwako watu wa vyuo vikuu vya umma. Mmoja ni James Chweya wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Kabete, ambaye mwaka 1997, pamoja na mwenzake Mnzava, alitoa kijitabu kizima juu ya mmea huu mmoja, kikachapishwa na taasisi ya kimataifa ya rasilimali za mimea iliyokuwa Roma: majina yake kwa lugha za watu, matumizi yake, virutubisho vilivyomo katika majani yake, kilimo chake na mbegu zake. Mwingine ni Mary Abukutsa-Onyango, ambaye utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, akalelewa kwa mboga za kienyeji, kisha akafanya mboga hizo kuwa kazi ya maisha yake, kwanza katika Chuo Kikuu cha Maseno, halafu katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Watu hawa waliuchukua mmea unaong'olewa na kutupwa, wakaupima chuma chake, chokaa yake na vitamini zake, wakasema kwa lugha ambayo daktari na afisa wa serikali hawawezi kuipuuza kwamba mama zenu walikuwa wakisema kweli. Leo chinsaga iko katika maduka makubwa ya Nairobi, imefungwa vizuri, na bei yake haimwonei haya sukuma wiki. Mbegu yake inauzwa katika maduka ya pembejeo ikiwa ndani ya pakiti kama mbegu yoyote yenye heshima.

Juma moja baada ya siku ya makofi nilishuka sokoni Daraja Mbili kwa ajili ya jambo hili hili. Nilimkuta magokoro mmoja, yaani bibi mzee, amekaa juu ya gunia, mafungu ya chinsaga mbele yake yamenyunyizwa maji, na kando ya goti lake kitambaa kilichofungwa fundo. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwuliza fundo lile lina nini. Akalifungua: mbegu nyeusi, ndogo kama baruti, ambazo alikuwa akizipima kwa kizibo cha soda. Nikataka vizibo viwili.

"Utazipanda lini, mwalimu?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba mvua iko karibu, nitazipanda kesho.

Akaurudisha mkono wake pamoja na kizibo. "Hizi ni za mavuno ya juzi tu. Ukizipanda kesho utaniita mwizi, maana hazitaota. Zilaze. Zilale miezi mitano mahali pakavu, ndipo uziamshe. Na zikitoa maua, uyakate upesi, kama hutaki mmea uzeeke ungali mtoto."

Nikamwuliza nani aliyemfundisha hayo. Akafikiri kidogo, tena akafikiri kwa insafu, kama mtu anayetafuta mdai wake ili amlipe. "Mama yangu labda," akasema. "Au yule bwana shamba wa zamani. Au redio. Sijui. Ndivyo tunavyofanya."

Nawaomba wenye hoja ya kabati walizingatie jawabu hili la mwanamke yule, kwa sababu ndilo lililonifumbua macho. Kwamba mbegu changa za mgagani hulala na haziamki mpaka zikae miezi kadhaa, watafiti wamelieleza kwa majaribio, kama vile wataalamu wa kilimo wanavyopendekeza kukata vichwa vya maua ili majani yazidi. Je, elimu hiyo ilitoka maabara ikafika kwenye fundo la kitambaa, au ilitoka kwenye fundo ikafika maabara? Huenda Kabete ndiyo iliyofundishwa na mama yake. Huenda yeye alifundishwa na bwana shamba aliyesoma Kabete. Huenda njia zote mbili zilipitwa, mara nyingi, kwa miguu ya watu wasiojuana. Yeye mwenyewe, mwenye mbegu, hawezi kuzitenganisha. Na hivyo ndivyo ilivyo tabia ya elimu iliyofaulu: ikiisha kuingia mikononi mwa watu huacha jina la aliyeitafuta, ikaitwa desturi, ikaitwa akili ya kawaida, ikaitwa "ndivyo tunavyofanya". Ile inayobaki na jina la mwandishi wake, iliyolala chini ya vumbi tukaiona, ndiyo iliyoshindwa kutoka. Kwa hiyo anayekwenda kabatini kuitafuta athari ya chuo kikuu amekwenda mahali pekee ambapo kwa hakika haipo, na akirudi mikono mitupu hana haki ya kusema kwamba amechunguza.

Nitakiri, kwa kuwa sitaki kushinda kwa hila, kwamba kuna tafiti ambazo zimeenea kwa watu na jina lao halikupotea. Jaribio la tohara lililofanywa Kisumu kwa vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, ambalo Jeckoniah Ndinya-Achola wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa mmoja wa viongozi wake pamoja na wenzake wa Marekani na Kanada, lilisimamishwa kabla ya muda wake Desemba 2006 kwa sababu faida ilikuwa imekwisha kudhihirika: tohara ilipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Miezi michache baadaye, Machi 2007, Shirika la Afya Duniani likaitia tohara katika ushauri wake kwa mataifa. Makala za jaribio lile zimenukuliwa kote ulimwenguni, na wapenda orodha wanaweza kuzihesabu wapendavyo. Lakini hata hapa, kijana wa Nyanza aliyeingia kliniki na kutoka salama hakusoma makala yoyote, wala hakumjua profesa.

Na huyu mzee wangu mwenyewe, aliyefundisha Kiswahili miaka yake yote, ni shahidi dhidi ya hoja yake bila kujijua. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili, ikahamia Makerere mwaka 1952, hatimaye ikafika Dar es Salaam na kuwa taasisi ya uchunguzi chini ya chuo kikuu, ndiyo iliyozaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kitabu hicho kimekaa juu ya meza yake mpaka jalada likachanika. Amekitumia kusahihisha insha za maelfu ya watoto wa Kisii. Hata shutuma yake aliisema kwa maneno ambayo watafiti wa chuo kikuu cha umma waliyachambua moja moja na kuyapanga. Hakupata kukiita utafiti, kwa sababu alikuwa anakitumia. Tena nataka ajue kwamba katibu wa kamati hiyo ilipokuwa Makerere, Wilfred Whiteley, ndiye aliyechapisha Kampala mwaka 1960 uchunguzi juu ya nyakati za vitenzi vya Ekegusii. Kwa hiyo lugha ya mama yake na lugha ya kazi yake zilipita katika mikono ile ile.

Nitaulizwa: basi wewe unawatetea hata walimu wavivu wa chuo kikuu, na makala zisizo na maana? Hasha. Makala zisizo na maana zipo, tena tele. Lakini tuulize zimetoka wapi. Mwalimu haongezwi cheo mpaka ahesabiwe makala. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hahitimu mpaka naye achapishe. Na penye haja ya idadi hapakosi wachuuzi, wakatokea wenye majarida wanaopokea fedha na kuchapa chochote, bila ya mtu kukisoma. Nani aliyeitaka idadi hiyo? Ni sisi, tuliokwisha kukubali kwamba fahari ya chuo ni kupanda ngazi za orodha. Dawa wanayoiagiza wapenda orodha ndiyo hasa inayolijaza kabati wanalolilalamikia. Na kila wanapopiga kelele kwamba tumeshuka daraja, mkuu wa idara huwaambia vijana wake waandike zaidi, wala hawaambii washuke Daraja Mbili.

Kuna lawama nyingine ninayoikubali bila kusukumwa. Kijitabu kile cha mgagani kiliandikwa kwa Kiingereza, na hivyo hivyo karibu kila kilichoandikwa juu yetu, kuanzia utabibu wa wazee wetu waliokuwa wakipasua fuvu la kichwa hadi malezi ya watoto wa Gusii, ambayo Robert LeVine na wenzake wa Marekani waliyachunguza kwa miaka mingi wakayatolea vitabu. Mtu kuchunguzwa, akapimwa mtoto wake, akaulizwa siri za nyumba yake, kisha kitabu kikaandikwa kwa lugha asiyoisoma na kikauzwa kwa bei asiyoiweza, ni dhuluma. Na vyuo vyetu vimeirithi desturi hiyo kwa wageni badala ya kuivunja. Hapo nitasimama bega kwa bega na mzee wangu. Lakini asiseme kwamba hakuna kitu; aseme kwamba kuna kitu na anakidai.

Adai pia panapostahili. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 imeandika wazi kwamba hazina ya taifa itatoa kila mwaka asilimia 2 ya pato la nchi kwa mfuko wa utafiti. Ahadi hiyo haijatimizwa hata mara moja. Nimehudhuria mikutano mingi ambamo profesa amesutwa kwa kutotuletea mbegu bora, na bado sijahudhuria hata mmoja ambamo mbunge wetu ameulizwa juu ya asilimia zile mbili, ingawa mbunge huwa amekaa kiti cha mbele na profesa hayupo.

Nayasema haya kwa hamu zaidi kwa sababu ya mtoto wetu wa karibu. Chuo Kikuu cha Kisii, ambacho mtu wa Mosocho hukifikia kwa matatu kabla hajamaliza gazeti, kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikalelewa na Egerton, kikapewa hati yake tarehe 6 Februari 2013. Tayari nasikia watu wakikiuliza kiko daraja la ngapi. Kumwuliza swali hilo mtoto aliyezaliwa katikati ya migomba, majani ya chai na vilima vinavyolimwa mpaka ukingoni, mahali ambapo shamba hugawanywa kwa wana hata likabaki la kujenga nyumba na kuzika tu, ni kumfundisha kuugeuzia mgongo ugonjwa wa migomba ya jirani yake ili atafute sifa za Shanghai. Ningependa tukiulize mambo mengine: mmomonyoko wa Nyaribari umepimwa na nani, Ekegusii ina kamusi ya kutosha shule zetu, kwa nini mama wa Kitutu anauza ndizi mkungu kwa bei ya kikombe cha chai kavu, na nani anayepata faida kati yake na Nairobi. Na tukijibiwa, majibu yaandikwe kwa lugha inayosomeka sokoni.

Mbegu zangu ziko katika kopo la majani ya chai, juu ya rafu, mbali na moshi. Nimeandika tarehe ubavuni. Mzee wangu alipopita nyumbani Jumamosi kunijulia hali aliliona, akaniuliza kwa nini nisizipande na mvua imekwisha kuanza; nikamwambia kwamba bado zimelala, akatikisa kichwa kukubali, akasema kwamba hilo kila mtu analijua.